Wajukuu Watatu na Mto Themanini na Nne

Asubuhi moja ya mwezi wa sita, kompyuta ya ofisi yetu ilisema mto una kina cha sentimita mia tatu themanini na nne, na watu wa Kahe wakaamini. Walihamisha mbuzi, magodoro na mbegu za mahindi hadi kwenye mwinuko wa shule, wakakaa huko juani kutwa nzima wakiusubiri mto. Mto ulipita chini yao kama siku zote, mwembamba, ukionyesha mawe. Saa tisa hivi mama mmoja alichoka kusubiri, akashuka kufua.

Programu iliyotoa namba ile niliiandika mimi.

Nilistaafu mwezi uliopita, na ninyi mliobaki kwenye chumba cha takwimu mmeniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa. Mambo ya vyeo yapo kwenye faili langu, anayetaka akasome huko. Hapa nitaeleza kuhusu namba, na hasa namba zilizofichwa ndani ya maneno ya watu, kwa sababu ndizo zilizonilia miaka yangu mingi na ndizo mtakazokutana nazo kesho asubuhi.

Nilipoingia ofisi hii ya maji, hapa Moshi, hapakuwa na kompyuta. Chumba cha takwimu kilikuwa nyuma ya karakana, kina meza mbili, dirisha moja na harufu ya oili. Meza ya kwanza ilikuwa ya Mzee Kimaryo. Ya pili ilikuwa na mguu mmoja mfupi, hiyo nikapewa mimi.

Kazi ilikuwa hivi. Kando ya mto, kuanzia vijiji vya Uru kushuka hadi Kahe, kulikuwa na geji, yaani mbao zilizosimikwa majini na kuchorwa sentimita. Kila geji ilikuwa na msomaji wake, mkulima anayeishi jirani. Kila asubuhi saa moja anashuka mtoni, anasoma maji yamefika wapi, anaandika kwenye kadi. Kadi za wiki nzima zinatufikia kwenye bahasha, mara nyingi mkononi mwa mtu anayeshuka sokoni na ndizi. Sisi tunazihamishia kwenye rejista kubwa, kwa penseli.

Siku yangu ya kwanza Mzee Kimaryo alinipa kadi moja ya zamani na penseli iliyofungwa kamba mezani. Kadi ilisema: "Maji magotini."

"Haya binti, jaza," akasema.

Nilitaka kuonekana mwepesi. Nikaandika 50.

Aliinama, akaiangalia ile hamsini muda mrefu, kisha akaniuliza, "Magoti ya nani?"

Akachukua kifutio, akaifuta hamsini yangu taratibu, akapuliza vumbi. Kwenye safu ya maelezo akaandika maneno yale yale ya msomaji: maji magotini. Safu ya namba akaiacha wazi.

"Ukiacha wazi, atakayekuja atajua kwamba hatukujua," akasema. "Ukiandika hamsini, atajenga daraja juu ya magoti ya mtu asiyemfahamu."

Alikuwa na desturi nyingine ambayo niliiona ni ya kizee. Baada ya kuhamisha namba kwenye rejista, hakutupa kadi. Alizipanga kwa mwezi, akazifunga na uzi wa katani, akazihifadhi kabatini. Kabati lilijaa, akaanza kutumia maboksi ya sabuni. Nilipomuuliza za nini wakati namba tunazo tayari, alijibu kwamba namba ni yetu, lakini kadi ni ya msomaji, na siku tukigombana naye itabidi tuione kadi. Niliitikia kwa heshima na sikuelewa kitu. Mzee Kimaryo alistaafu, maboksi yakahamishiwa stoo, na stoo ikavuja.

Halafu zikaja simu za mkononi. Ofisi ikaamua kadi zimepitwa na wakati, wasomaji watume ujumbe mfupi kila asubuhi. Ujumbe ungeingia kwenye simu iliyounganishwa na kompyuta, kompyuta itoe namba, na ikiwa namba imezidi mia mbili hamsini, viongozi wa vijiji vya Kahe wapate onyo palepale. Maji huchukua saa tano au sita kutoka Uru hadi kule chini. Kwa mtu mwenye mbuzi na watoto, saa tano ni utajiri.

Nilipelekwa Arusha kwa kozi ya wiki mbili ya kuandika programu. Nilikuwa mtu mzima darasani, mwalimu alikuwa rika la binti yangu, na aliniamkia shikamoo kila asubuhi kabla ya kunionyesha nilipokosea. Nilirudi na daftari moja na majivuno kidogo.

Programu yangu ya kwanza ilikuwa na mistari michache. Inapokea ujumbe, inaondoa kila herufi, nafasi na alama, inabakiza tarakimu tu. Mtu akituma "Mto 84", inaondoa "Mto", inabakia 84. Niliijaribu kwa ujumbe ishirini niliojitungia mwenyewe, wote ukapita. Na hapo ndipo penye kosa mtakalolifanya na ninyi: nilijitumia ujumbe ambao mimi ningetuma. Mimi ni karani. Wasomaji walikuwa watu.

Niliongeza mambo mawili nikiamini ni ya busara. Kwanza, namba ikizidi mia nne iandikwe kuwa ni kosa la msomaji, kwa sababu kingo za mto hazifiki huko. Pili, ili kompyuta isijae, ujumbe wenyewe ufutwe baada ya namba kutolewa. Mzee Kimaryo angekuwepo angenikata mkono.

Msomaji wa geji ya juu kabisa, kule Uru, alikuwa Mama Filomena. Alikuwa mjane, mwenye ng'ombe wawili wa ndani na kihamba chenye kahawa na migomba kinachoteremka karibu na mto. Kwenye enzi za kadi alikuwa hajaruka hata siku moja, hata Krismasi. Kwa hiyo tulishangaa simu zilipoanza na geji yake ikaanza kutoa vioja. Leo themanini, kesho elfu moja mia mbili sabini na tisa, keshokutwa themanini na moja. Kompyuta ikaandika kosa la msomaji, kosa la msomaji, kosa la msomaji. Wiki nzima zinaweza kupita sawa, kisha kioja.

Na mimi niliamini kompyuta. Nilimfahamu Mama Filomena kwa miaka, programu niliifahamu kwa miezi, lakini ile ilikuwa yangu.

Kisha ikaja ile asubuhi ya mwezi wa sita. Mia tatu themanini na nne ilikuwa chini ya kikomo changu cha mia nne kwa kumi na sita, kwa hiyo ilipita, na onyo likaenda Kahe. Jioni mwenyekiti wa kijiji, Bwana Hamisi, alipiga simu ofisini. Hakupaza sauti.

"Mama, tumekaa juani na wazee na watoto wachanga," akasema. "Naomba unieleze hayo maji yamepotelea wapi."

Nilisema tunafuatilia.

"Fuatilieni. Ila safari ijayo mkituambia tuhame, mimi nitaanza kwa kwenda kuutazama mto mwenyewe. Na watu wangu ndivyo watakavyofanya."

Mkuu wetu, Mhandisi Swai, aliitisha orodha ya makosa. Jina la Mama Filomena lilikuwa limejaa ukurasa. Alisema mama huyu hashuki tena mtoni, anakaa jikoni anabuni namba, na siku moja atatuulia watu. Akaandika barua ya kumwondoa, akaisaini, akapiga muhuri. Mtu wa kuipeleka nikawa mimi, kwa kuwa tunafahamiana.

Nilipanda Uru siku ya pili, barua mkobani. Nilimkuta anakatia ng'ombe majani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Umekonda, huko mjini hamli?"

Alinikalisha jikoni, akaweka mtori mezani kabla sijasema nilichofuata. Ni vigumu kumpa mtu barua ya namna ile ukiwa na mtori wake mdomoni. Nikaona nimuulize kwanza. Nikamwambia namba zake zimekuwa hazieleweki.

"Zipi?"

"Juzi umetuambia mto uko mia tatu themanini na nne."

Aliniangalia kama mtu anayepima homa ya mtoto. "Mwanangu, maji yakifika huko sitakuwa na muda wa kuwaandikia. Juzi ilikuwa themanini na nne."

"Kompyuta imeandika mia tatu."

"Basi muiulize kompyuta. Mimi nilichotuma ninacho."

Akafuta mikono kwenye kanga, akatoa simu yake ndogo na kunipa. Hakuwahi kufuta ujumbe hata mmoja. Ule wa siku ile ulisema hivi:

"Hamjambo hapo ofisini. Wajukuu 3 wapo hapa likizo wanawasalimu. Mto 84."

Nilirudi kwenye ujumbe wa siku za nyuma. "Hamjambo hapo ofisini. Leo tarehe 12 kuna ukungu. Mto 79." Hiyo ndiyo elfu moja mia mbili sabini na tisa. Ujumbe baada ya ujumbe, kila kioja kilichoandikwa kosa la msomaji nilikikuta na habari yake: ng'ombe amezaa saa 9, madebe 6 ya kahawa, jumuiya kukutana kwake saa 10. Na mwishoni kabisa, kila siku bila kukosa, mto.

Nilieleza nilivyoweza. Nilimwambia mashine inaondoa maneno na kubakiza tarakimu, kwa hiyo tatu ya wajukuu imekwenda kukaa mbele ya themanini na nne.

Alifikiri. "Kwa hiyo imewajumlisha wajukuu wangu na mto."

"Haikujumlisha mama. Imeunganisha."

"Afadhali ingejumlisha," akasema. "Ingekuwa themanini na saba, watu wa Kahe wangelala zao."

Nilimkumbusha kwamba karatasi ya maelekezo ilisema watume namba peke yake.

"Nilituma namba peke yake siku ya kwanza," akasema. "Nikajiona kama nimepita uani kwa watu asubuhi bila kuwasalimu. Siku ile nilikosa raha mpaka jioni. Nikasema hapana, hawa ni watu wangu, Mzee Kimaryo nilikuwa namwandikia mpaka habari za kahawa."

Ni kweli. Kadi zake zilikuwa hivyo hivyo, na Mzee Kimaryo alisoma salamu, akatabasamu, akachukua namba ya mwisho. Hakuna aliyeniambia niifundishe kompyuta jambo hilo, kwa sababu kwa mtu anayesoma kwa macho halikuwa kazi.

Barua haikutoka mkobani. Nilishuka nayo mjini, nikaingia kwa Mhandisi Swai, nikamweleza kwamba msomaji hajakosea hata siku moja na kwamba aliyewaweka watu wa Kahe juani ni mimi. Aliisoma barua yake upya.

"Yaani mimi nimesaini hii kwa sababu ya wajukuu watatu," akasema.

"Na ng'ombe, mkuu."

Akaichana. Kipande chenye muhuri akakitenga na kukichana peke yake, vipande vidogo sana, akisema muhuri si kitu cha kuacha kwenye kapu. Kisha akanipa wiki moja nirekebishe.

Jumamosi yake nilichuma jani la sale kwenye uzio wa kwetu, juu ya Himo, nikalifunga fundo, nikapanda nalo Uru. Kwa wasiotoka huku, sale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani, na jani lake likifungwa fundo ni ombi la msamaha ambalo Mchagga halirudishi. Mama Filomena alilipokea kwa mikono miwili, akaliweka nyuma ya redio. Kisha akauliza kama sasa anaruhusiwa kuwataja wajukuu. Nikamwambia awataje wote.

Urekebishaji wenyewe ulichukua zaidi ya wiki. Jaribio la kwanza nilisema chukua namba ya kwanza tu, likaleta mto wenye sentimita tatu. Nikasema chukua ya mwisho, akatokea msomaji anayemalizia na namba yake ya simu. Nikasema chukua namba inayofuata neno "mto" au "maji", na hiyo ikasimama, ila kila msomaji alikuwa na namna yake. Kuna aliyeandika herufi O badala ya sifuri. Kuna aliyeandika 84-85, akimaanisha katikati hapo, na programu ikaona themanini na tano hasi, mto uliochimbika. Kuna wa mita na mkato, 1,2. Kuna mzee mmoja asiyependa tarakimu, aliyeandika "themanini kasoro mbili", na kwa heshima yake nilikaa siku mbili kuifundisha kompyuta maana ya kasoro. Niliposhinda, akaanza kuandika "themanini na kitu". Hapo nilimwachia.

Lakini mambo mawili ndiyo ninayowaachia kama kazi, mengine ni ufundi. Kwanza, ujumbe mzima unahifadhiwa kama ulivyokuja, salamu na ng'ombe, karibu na namba yake. Pili, programu isipopata namba isibuni na wala isimlaumu mtu. Ujumbe huo unakwenda kwenye kapu lake, na kila asubuhi mtu mwenye macho analifungua kapu na kusoma kabla hajanywa chai. Mmekuwa mkinicheka kwa hilo. Siku nyingi kapu lilikuwa na "Leo nipo msibani, atasoma mke wangu."

Masika iliyofuata mvua ilinyesha mlimani siku tatu mfululizo. Siku ya nne nilifika ofisini saa moja na nusu, nikafungua kapu. Kulikuwa na ujumbe mmoja, wa Mama Filomena.

"Hamjambo hapo ofisini. Geji siioni. Maji yamefika kwenye masale. Ninahamisha ng'ombe."

Hakuna hata tarakimu moja. Nadhani programu yangu ya kwanza ingeandika sifuri.

Nilimpigia Bwana Hamisi wa Kahe. Nilimwambia mto unakuja, wahame.

"Mita ngapi safari hii, mama?" Niliisikia dharau, na alikuwa na haki nayo.

"Sina namba."

"Huna namba."

"Geji imezama. Nina maneno ya msomaji tu." Nikamsomea, neno kwa neno, mpaka kwenye ng'ombe.

Nilisikia mvua kwenye bati lake. Kisha akasema, "Anahamisha ng'ombe kwenye mvua hii?"

"Anasema hivyo."

"Mtu hahamishi ng'ombe kwa ajili ya kompyuta," akasema. "Hayo nitawaambia watu."

Mto ulifika Kahe kabla ya saa saba mchana, rangi ya udongo, na magogo ndani yake. Ulichukua mahindi yaliyokuwa magotini, majiko mawili na choo cha shule. Watu na mbuzi walikuwa kwenye mwinuko. Jioni Bwana Hamisi alipiga tena kuniambia wamehesabiana na wametimia, kisha akataka jina la yule mama wa ng'ombe, ili wamwombee kanisani na msikitini.

Ningependa kuishia hapo, lakini kazi haikuishia hapo. Mafuriko yale ni makubwa kuliko yote yaliyomo kwenye rejista zetu, na kwenye safu ya namba hayana namba. Mhandisi Swai anaihitaji ili akadirie maji ya chini, kwa sababu kule Kahe zimesimikwa nguzo za zege, na kwenye kila nguzo utachorwa mstari mwekundu: maji yakifika hapa, hama. Mstari ukiwa juu sana, watu watachelewa. Ukiwa chini sana, watakaa tena juani bure, na mara ya tatu hawatahama.

Mwezi wangu wa mwisho kazini nilipanda Uru na fundi wa vipimo. Mto ulikuwa umeondoka na geji, na magimbi ya Mzee Bonifasi, shemeji yake Mama Filomena, mwenye kile kipande cha ukingoni, na mstari mzima wa masale uliokuwa mpaka kati yao. Masale yalikuwa yamepandwa upya, yamechipua vizuri. Fundi akapima kutoka kwenye kitako cha geji kilichobaki hadi kwenye mizizi yake. Mia tano na nane.

Nilikuwa nimetoa penseli. Mzee Bonifasi, aliyekuwa ameegemea jembe upande wake, akakohoa.

"Hayo masale hayakuwa hapo," akasema. "Yalikuwa hatua tatu juu zaidi. Mama huyu ameyashusha kwenye magimbi yangu."

"Nimeyapanda palepale," akasema Mama Filomena.

"Palepale kwa macho ya nani, shemeji?"

Fundi akapanda hatua tatu akapima. Karibu mita moja zaidi. Wote wawili wakanitazama mimi, kama mtu wa serikali.

Nilimvuta Mama Filomena pembeni, karibu na zizi. Katika miaka yote ile hakuwahi kunipa namba ya uongo, na mimi ndiye niliyewahi kumwandika mwongo ukurasa mzima. Nilimuuliza kwa upole, "Mama, ni palepale?"

"Umewahi kuniona nikiwatumia maji ambayo hayakuwepo?"

"Sijawahi."

"Basi njoo ule, mtori unapoa."

Nilikula, na ulikuwa mzuri kama kawaida. Mtakapofungua rejista ya masika ile mtakuta kwenye safu ya maelezo ujumbe wake wote, kuanzia salamu. Safu ya namba iko wazi. Nguzo za Kahe zimekauka tangu zamani, na kopo la rangi nyekundu bado liko stoo, halijafunguliwa.